Ngozi Haikuwa na Kosa

Nilimsingizia mzee mmoja wa hapa Kirungu kwamba ngozi yake ni mbovu. Nilisema hivyo sokoni, mbele ya watu, nikijua fika kwamba ngozi ilikuwa nzima na kwamba ubovu ulitoka mkononi mwangu. Watu waliniamini kwa sababu mimi ni fundi wa kushona, nina kibanda na wateja, na yeye ni mtu wa kudabighi ngozi nyuma ya nyumba yake, asiyesikika sana. Baada ya maneno yangu alikaa muda mrefu, ngozi zake zimeviringwa ukutani bila mnunuzi. Naandika ili kosa lijulikane ni la nani. Naandika pia kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi hii, maana uongo wote ule ulianzia mahali padogo: tundu moja la sindano kwenye kona ya sanduku.

Kazi yenyewe niliombwa na mwalimu wa dini anayehudumia vigango vya kandokando ya ziwa. Watu wa huku wanazijua safari za walimu hao. Mtu huteremka kutoka Kirungu mpaka bandari ya Moba, akapanda mtumbwi wa mota kuelekea Mpala na vijiji vya njiani. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini ukishika, ziwa Tanganyika huchafuka na kila abiria hushuka amelowa. Mwalimu alikuwa akibeba madaftari yake katika mfuko wa plastiki. Alichotaka ni sanduku la ngozi lenye kuta ngumu, linalosimama lenyewe, madaftari yaingie bila kukunjika na maji ya wimbi yasipite.

Ngozi niliichukua kwa yule mzee. Yeye hununua ngozi mbichi za ng'ombe wanaotoka juu Marungu, upande wa Pepa, ambako kuna baridi na malisho mazuri. Huziloweka katika chokaa ili manyoya yalegee, akazikwangua, kisha akazilaza katika mashimo ya maji ya magome. Huanza na shimo la maji mepesi, akazihamisha kidogo kidogo mpaka kwenye maji makali, kwa sababu maji makali yakitangulia huifunga ngozi nje kabla dawa haijafika kati. Ni kazi isiyokubali haraka. Niliyopewa ilikuwa ngozi ya mgongo, nene, imeshikamana vizuri, na ilikuwa ya kahawia mpaka katikati. Nilijua ubora wake tangu nilipoikata kwa kisu mara ya kwanza.

Mkoba wa kawaida humstahi fundi. Ngozi mbili hulazwa pamoja, zikashonwa, kisha mkoba ukapinduliwa na kasoro zote zikabaki tumboni. Sanduku halina pa kufichia. Kuta mbili hukutana pembe mraba na mshono unakaa nje, machoni pa watu. Kwanza ukingo wa kila ukuta hukatwa mshazari kwa nyuzi 45, ili kingo mbili zikikutana zisiache pengo. Msharasi huingia upande laini wa ngozi, mbali na ukingo kiasi cha unene wa ngozi yenyewe, ukapita ndani na kutokea katikati ya ule mshazari. Halafu huingia katika mshazari wa ukuta wa pili na kutokea usoni mwake. Ukishonwa hivyo, uzi hauonekani kabisa ndani ya sanduku. Ndiyo maana tunataka ngozi ya milimita 3 hadi 4. Ikiwa nyembamba, ncha ya msharasi hutoboka upande wa ndani na mshono hauna cha kushika. Ngozi huloweshwa kidogo ilegee, na ndani ya kona huwekwa kigogo kilichorandwa mraba ili kuta zisilale upande mmoja uzi unapovutwa.

Uzi ni mmoja na sindano ni mbili, moja kila ncha. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili, ya kulia ikitangulia na ya kushoto ikifuata, na zamu hiyo haibadilishwi mpaka mwisho wa mshono. Ikibadilishwa, mishono huanza kulala huku na huku. Cherehani haishoni namna hiyo. Nyuzi zake mbili hukabana tu katikati ya ngozi, na moja ikikatika mshono huanza kufumuka. Katika mshono wa mkono, upande mmoja ukikatika, upande wa pili bado unapita katika kila tundu na kushikilia. Mafundi wa matandiko ya farasi walishikamana na mshono huu kwa sababu uhai wa mpanda farasi uliutegemea. Nyumba ya Hermès ya Paris, iliyoanza mwaka 1837 kwa vifaa vya farasi, mpaka leo inawafundisha mafundi wake sindano mbili. Sisi wa Kirungu hatuna farasi, lakini tuna ziwa.

Sasa sheria ambayo niliivunja. Idadi ya matundu ya kuta mbili zinazokutana lazima iwe sawa. Unatia alama kwenye ukuta mmoja kwa chuma cha meno, unaulaza kando ya ukuta wa pili, unahamisha alama zile zile, kisha unahesabu pande zote mbili kabla ya kutoboa chochote. Kona ya sentimita 20, matundu yakiachana kwa milimita 4, ina matundu kama 50. Ukikosea kila nafasi kwa unene wa unywele tu, kufikia chini umekwisha kupata au kupoteza tundu zima. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akitupeleka kwenye ukuta wa matofali wa kanisa kuu, akatuonyesha pembe zake, akatuambia kwamba mwashi huinua pembe kwanza na ukuta hufuata kamba iliyofungwa kwenye pembe hizo. Alitaka tuelewe kwamba kona si mahali pa kumalizia kazi, ni mahali pa kuanzia hesabu.

Mimi siku ile sikuhesabu. Mwalimu alikuwa na safari, mtumbwi haumngoji mtu, na nilikuwa nimeahidi kazi nyingine mbili kwa wakati mmoja. Nilitia alama kila ukuta peke yake nikiamini macho yangu. Kona tatu zilikwenda sawa. Kwenye ya nne, nilipokaribia chini, kijana anayejifunza kwangu akainama akaangalia.

"Baba, upande huu umezidi tundu moja."

"Nimeona. Shika hapo."

Nilikuwa sijaona. Aliponiambia ndipo nilipoona, na pale pale nilijua la kufanya. Ilipasa nikate uzi, niutoe wote katika kona ile, niloweshe ngozi, nisugue matundu kwa mgongo wa kijiko yajifunge, nitie alama upya. Na kama ukuta umeharibika, nikate mwingine. Ningepoteza usiku mmoja na kipande cha ngozi. Badala yake nilitoboa tundu la bandia kwenye ule upande uliopungukiwa, katikati ya matundu mawili na karibu sana na ukingo, ili hesabu ionekane imelingana. Uzi wangu wa kitani ulikuwa umekwisha, nikachukua uzi wa nailoni wa kushonea nyavu za ndagala, nikauvuta kwa nguvu zangu zote ili pengo lijifunge.

Mtu wa ngozi akisoma hapa anajua nilichofanya. Uzi wa kitani uliopakwa nta hunenepa ndani ya tundu na kulijaza. Nailoni nyembamba haijazi kitu, na ukiivuta sana huikata ngozi taratibu kila sanduku linapotikisika. Nilikuwa nimeacha kipande cha ngozi kisichofika milimita 2 kati ya tundu na tundu, halafu nikapitisha hapo uzi unaokata. Juu yake nikamimina gundi, nikapaka rangi nyeusi, nikapaka nta, nikasugua kwa kitambaa. Kona ile ndiyo iliyong'aa kuliko zote.

Kijana aliuliza, "Baba, tutamwambia mwalimu?"

Nikamjibu, "Tumwambie nini? Haionekani."

Mwalimu alilichukua sanduku asubuhi, akanishukuru, akalipa bila kupunguza hata faranga moja. Kona ilifunguka ziwani. Mawimbi yalipiga mtumbwi, mizigo ikasukumana, sanduku likabanwa na gunia, na mshono wa kona ya nne ukapasuka kuanzia kwenye tundu la bandia kwenda juu. Maji yaliingia. Kufika nchi kavu, madaftari yalikuwa yamevimba. Kurasa ziligandana, na zilipobanduliwa zilitoka vipande vipande.

Ndani ya madaftari yale mlikuwa na majina. Walikuwamo wakatekumeni, na watoto waliobatizwa vigangoni ambao mwalimu alikuwa bado hajawapeleka parokiani waandikwe katika kitabu kikubwa: jina la mtoto, la baba na la mama, la msimamizi, na tarehe. Kwa watoto wengi wa huku cheti cha ubatizo ndiyo karatasi ya kwanza yenye jina lao, na mara nyingi ndiyo wanayoionyesha wanapoandikishwa shule. Sisi wa Kirungu tulipaswa kuijua thamani ya jina lililoandikwa. Misioni hii ilifunguliwa mwaka 1893, enzi za Padri Victor Roelens, mji ukiitwa Baudouinville. Na hapa ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza Mkongomani wa zama hizi. Tarehe hiyo tunaitaja kwa fahari kwa sababu kuna aliyeiandika na kuna aliyeitunza karatasi isilowe. Mwalimu alilazimika kurudi kijiji kwa kijiji kuuliza upya. Familia nyingine zilikuwa zimekwisha kuhama.

Aliporudi alinijia na sanduku sokoni. Hakunigombeza. Aliliweka juu ya meza yangu mbele ya watu waliokuwapo, akauliza kwa upole, "Fundi, kona imeachia. Tatizo ni nini?"

Hapo ndipo nilipotenda kosa kubwa kuliko lile la sindano. Nililigeuza sanduku ili ukingo uliokatwa usionekane, nikaweka kidole juu ya mpasuko, nikasema, "Ni ngozi, mwalimu. Mzee hakuiacha ikae vya kutosha kwenye magome. Imebaki mbichi katikati." Nilijua kwa nini naugeuza ukingo. Ngozi isiyoiva huonyesha mstari mweupe katikati ukiikata, na mtu yeyote angeweza kuuangalia. Ile ilikuwa ya kahawia yote, haina mstari. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi nilikuwa nimechagua jembe zuri, nikalima vibaya, kisha nikamlaumu mhunzi.

Maneno yalisambaa. Wenzangu wawili wanaoshona viatu waliacha kununua kwake. Mzee mwenyewe alikuja kibandani kwangu, akakaa kwenye benchi, akapumzika kwanza, ndipo akaomba aone kipande kilichopasuka ili ajue amekosea wapi. Nikamwambia nimekwisha kukitupa. Kilikuwa chini ya meza, karibu na mguu wake. Akasema, "Sawa, mwanangu," akaondoka.

Baadaye nilisikia kwamba alianza kuziacha ngozi zake ndani ya magome muda mrefu kupita ilivyopasa, akibadilisha maji, akijaribu magome ya miti mingine. Mtu aliyeijua kazi yake tangu ujana alikuwa ameanza kuitilia shaka, na chanzo cha shaka ile ni mimi. Kumnyima mtu wateja ni vibaya. Kumfanya asiamini tena mikono yake, ilhali mikono ile haina kosa, ni vibaya zaidi, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma.

Aliyenizindua ni yule kijana. Alikuwa akishona mkanda, na nilipoupokea niliona gundi imejazwa mahali ambapo tundu lilikuwa limechanika, na rangi imepakwa juu. Nikamuuliza ni nini. Akanijibu bila hofu, kama anayerudia somo: "Ni ngozi, baba."

Sikuwa na neno la kumkemea. Alikuwa amejifunza kwangu, na amejifunza vizuri.

Nilikwenda kuungama. Padri alinisikiliza, kisha akaniambia kwamba kuondolewa dhambi hakunirudishii mzee jina lake. Hilo ni deni na lazima nililipe mwenyewe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inalisema jambo hilo katika kifungu cha 2487: anayevunja haki na ukweli anabaki na wajibu wa kutengeneza alichoharibu, hata kama amesamehewa. Nilikuwa nimetumaini kwamba maungamo ya faragha yangenitosha. Hayakutosha, kwa sababu uongo wangu haukuwa wa faragha.

Nilianza kwa mzee, nyumbani kwake. Nilikichukua kile kipande, nikampa mkononi, nikamweleza yote: hesabu, tundu la bandia, nailoni, gundi, na kwamba siku aliyokuja kipande kilikuwa chini ya meza. Alikipeleka kwenye mwanga. Aliukwaruza ukingo kwa ukucha, akautazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa hiyo magome yangu hayana shida?"

"Hayana shida, mzee. Hayakuwa na shida hata siku moja."

Alinyamaza. Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala sikumwomba aharakishe. Aliniuliza tu kama nitayasema hayo pale pale nilipoyasema yale mengine. Nikamwambia ndiyo.

Nilisema siku ya soko, mahali pale pale, mwalimu akiwapo na wenzangu washona viatu wakiwapo. Nilikata kipande cha ngozi ile mbele yao ili kila mmoja aone katikati yake, kisha nikaonyesha tundu langu. Ni vigumu kusimama mbele ya wateja wako ukawaonyesha ulivyowaficha. Lakini nilipomaliza, watu walikuwa wanaijua kweli ambayo mimi peke yangu nilikuwa naijua, na uzito wake ulipungua. Mwalimu nilimshonea sanduku jingine bila malipo, kwa uzi wa kitani tupu, na nililipia mafuta ya mtumbwi kwa safari za kuyatafuta majina. Mengi yamepatikana. Mengine hayajapatikana, na siwezi kuyarudisha.

Wateja wa mzee nao wamerudi, si wote. Yuko mmoja aliyekwisha kuzoea kununua kwingine, na wako watu wa mbali waliosikia habari ya ngozi mbovu ya Kirungu na hawajasikia nilivyoikanusha. Uongo wangu ulisafiri na wasafiri. Kweli yangu imebaki hapa sokoni, na kila nikimwona mtu wa vijiji vile namsimulia tena.

Kwa kijana wangu nilibadilisha mafundisho. Alama hazitiwi ukuta mmoja mmoja. Kuta mbili hulazwa pamoja na kila mmoja wetu anahesabu kwa sauti, na hesabu zisipolingana hatutoboi. Karibu na ncha ya kona, pale kuta tatu zinapokutana, hatuweki tundu, tunaanzia ndani kidogo, kwa kuwa hapo ngozi huchanika haraka. Uzi tunaupima mara nne au tano ya urefu wa mshono kabla ya kuanza, ili usituishie njiani tukashawishika kuchukua wowote ulio karibu. Gundi tunaipaka kabla ya kushona ili ishike kingo. Kuipaka baadaye ili kufunika kosa ni marufuku. Na kosa likitokea, maana linatokea, tunafumua. Kama mteja hana muda wa kungoja tufumue, tunamwonyesha kona ilivyo, tunamtajia kasoro, na yeye ndiye anayeamua achukue au aache.

Jambo la mwisho ni kuhusu ngozi. Ikitokea kweli kwamba ngozi ina kasoro, hatumwambii mtu mwingine yeyote kabla ya kumwita aliyeidabighi akaiona kwa macho yake.

Mzee bado yuko kazini na mashimo yake ya magome yako vile vile yalivyokuwa kabla sijamtia shaka. Anayetaka ngozi ya mgongo wa ng'ombe wa Marungu, nene, iliyoiva mpaka katikati, inayoweza kushika mshono wa kona, aulize sokoni Kirungu aelekezwe kwake. Mimi nanunua kwake.